"Na Wengine": Deni Letu kwa Freretown

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Waebrania 11:32–39.

Sisi tunaosali kwa Kiswahili hapa Busia huulizwa mara kwa mara: hiyo si lugha ya askari na soko? Jibu moja liko Mombasa, ng'ambo ya kisiwa, kwenye Kanisa la Emmanuel, Freretown. Makazi hayo yalianzishwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kianglikana) mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa majahazini. Walikuwa na kengele ya kuwatahadharisha watu endapo wafanyabiashara wa utumwa wangewavamia. Hadi leo mahali pale panaitwa Kengeleni.

Askofu James Hannington alifika huko mwaka 1885, akamwekea mikono William Jones, mtumwa wa zamani aliyesomeshwa India, awe shemasi. Julai wakaanza safari ya kuja kwetu huku, kuelekea Uganda. Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya sasa, askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu wapatao 50. Akaingia Busoga kutoka mashariki, upande ambao Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliuhofia kuliko zote. Tarehe 29 Oktoba akauawa Kyando, na wachache tu wa watu wake wakaponea.

Jones alingoja, kisha akawarudisha waliobaki hadi Rabai, karibu na Mombasa, wakiwa na bendera iliyoandikwa "Ikabodi", yaani utukufu umeondoka (someni 1 Samweli 4:21). Wanawake walitoka kuwapokea, na kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumtafuta katika msafara ule.

Askofu tunamjua. Mifupa yake ilizikwa Namirembe, Kampala, mwaka 1892, na siku yake imo katika kalenda. Wapagazi je? Mwandishi wa Waebrania anamtaja Gideoni, Baraka, Samsoni, wakati haumtoshi, basi waliobaki anawaita tu "wengine". Sitaki kuwafanya watakatifu kwa nguvu: wapo waliofuata ujira, na si wote walikuwa Wakristo. Lakini Injili ilipanda kutoka pwani mabegani mwao, na Kiswahili chao cha njiani ndicho tunachoimbia leo.

Nimemwomba mchungaji wetu kwamba tarehe 29 Oktoba, akishamtaja askofu, awataje pia wapagazi na wajane wao. Amekubali. Ila ameniuliza: kwa majina gani?