Kabla ya upanga kuchomolewa

Katuni yangu ya mtandaoni ina majini, panga za moto na mlima unaoongea. Naichora Goma, na mlima ni Nyiragongo, ule uliomwaga lava katikati ya mji mwaka 2002. Wasomaji wananidai vita, na vita nawapa. Ila sikubali vijaze sura nzima, maana asiyemjua Furaha, binti ninayemchora, hataumia Furaha akichomwa.

Kabla ya pambano la darajani nilimkalisha na bibi yake wanachambua sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Hakuna anayesema kitu. Picha ya kwanza, vidole vya bibi. Ya pili, Furaha anamsogezea sahani. Ya tatu, bibi anasukuma sambaza zilizo kubwa upande wa mjukuu, wala hamtazami. Basi. Vita vikianza, msomaji anajua binti huyu anapigania nini.

Kwenye simu tunasoma kwa kuteremsha kidole, kwa hiyo nafasi nyeupe kati ya picha ndiyo muda wenyewe. Nikitaka utulivu, naiachia iwe ndefu; nikitaka mapigo, nabana picha, nazilaza mshazari hadi zigusane. Hata katikati ya mapambano naweka pumzi: kandambili iliyochomoka, jicho linalomtafuta ndugu.

Rafiki yangu, mchoraji pia, anasema picha hizo zinapoteza muda. Tunabishana sana! Mimi naona ndizo ngumu kuliko zote. Upanga ukikosewa, moshi na vumbi vitafunika. Uso uliotulia ukikosewa, kila mtu anaona.