Fomu Imezidi

Juzi usiku mjukuu wangu alikuwa mezani na karatasi zake za mazoezi, penseli mdomoni, akaniuliza bila kuinua kichwa: "Bibi, nikiruka swali, na kivuli nacho nakiruka?"

Nikamwambia ndiyo, mama. Ukiruka swali la 12, mstari wa 12 kwenye fomu unabaki mweupe mpaka utakapolirudia.

"Na nikisahau?"

"Usisahau."

"Nikisahau, msimamizi ataniambia?"

Nikamjibu kwamba hawezi. Akaridhika, akamaliza kazi yake, akaenda kulala. Mimi ndiye niliyekesha.

Ilikuwa Septemba 2012, kijiji kimoja cha Muheza, Tanga, mwaka ule fomu za OMR, zile ambazo mtoto hutia kivuli kwenye kiduara cha herufi ya jibu lake, zilipoingia kwenye mtihani wa darasa la saba. Mliokuwa darasani wakati huo mnakumbuka hekaheka zake. Miaka ya nyuma walimu walisahihisha kwa mkono, na mwalimu ana macho. Akiona kitu kimekaa vibaya hushtuka. Sasa tuliambiwa mashine itasoma vivuli, penseli iwe ya HB, ukikosea ufute kwa ufutio safi pasibaki doa. Shule za mjini zilitoa nakala za kufanyia mazoezi. Kwetu nilichora viduara ubaoni kwa chaki, A mpaka E, watoto wakaja mmoja mmoja kuvijaza kwa chaki. Ndivyo walivyojifunza walimu wengi ninaowafahamu, na ndivyo walivyofundisha.

Nilipangiwa kusimamia shule ya kata nyingine, kama ilivyo desturi: husimamii watoto wako. Nilifika siku moja kabla kukagua vyumba. Madawati yalikuwa machache, wakaazima ya madarasa ya chini, na watoto wa chini wakapumzishwa nyumbani. Tulikata kamba moja tukapimia nayo nafasi kati ya dawati na dawati, mimi nikishika huku na mwenzangu kule, ili asiwepo mtoto wa kusema jirani yake alikaa karibu zaidi na jirani yake mwingine. Mwenzangu alikuwa mwalimu mtu mzima, mkimya, aliyesimamia mitihani mingi kuliko mimi.

Tatizo likawa ukuta. Mwalimu fulani mwenye moyo, zamani, alikuwa amepaka jedwali la kuzidisha ukutani kwa rangi ya mafuta, bluu, kuanzia 1 mpaka 12, zuri ajabu, na juu yake kwa rangi nyekundu: MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nilifundisha Hisabati miaka mingi nikitamani ukuta kama ule. Sasa ulitakiwa ufichwe. Wakapika uji mzito wa muhogo, tukabandika magazeti kipande kwa kipande mpaka ukuta wote ukawa habari za siasa na mpira.

Asubuhi bahasha zikaja na askari. Tulizionyesha kwa watoto kwamba hazijafunguliwa, ndipo zikafunguliwa mbele yao. Watahiniwa 34 ndani ya chumba chetu. Wawili wengine hawakutokea, na hakuna aliyetaka kutuambia kwa nini. Siku hiyo naikumbuka vipande vipande. Ninachokikumbuka chote ni Hisabati.

Nilisoma maelekezo polepole, kila sentensi mara mbili. Maswali 50. Muda ni saa 2. Hakuna kuazimana kitu. Mwenye shida anyooshe mkono. Namba ya swali kwenye kijitabu ilingane na namba ya mstari kwenye fomu. Wakaitikia kwa vichwa. Wakaanza.

Kama zilikuwa zimebaki dakika 45, upepo ukaingia dirishani, kona ya gazeti ikabanduka. Nikaenda haraka kuibana kwa kiganja kabla ya mtu kuona 7 mara 8 ni ngapi. Nikasimama hapo, mkono ukutani, nikimngoja mwenzangu alete uji. Na kwa kuwa nilikuwa nimesimama hapo, dawati lililokuwa chini yangu lilikuwa la binti mmoja, mwembamba, soksi moja imeshuka, ameinama kiasi kwamba pua inakaribia karatasi.

Msimamizi hatakiwi kusoma kazi ya mtahiniwa. Nalijua hilo, na siku ile nilisoma. Macho ya mwalimu wa hesabu yakiona hesabu hayaombi ruhusa. Alikuwa swali la 24. Alikuwa amekokotoa pembeni kwa mwandiko mdogo safi, hatua chini ya hatua, alama za sawasawa zimepangana wima kama nguzo. Alianza na mabano. Alifuata mpangilio wote, na jibu lake lilikuwa sahihi. Nikafurahi moyoni kana kwamba ni wangu. Kisha penseli yake ikahamia kwenye fomu, ikatia kivuli mstari wa 23.

Nikadhani nimeona vibaya. Nikangoja. Akafanya la 25, akalimaliza, akatia kivuli mstari wa 24.

Nikapandisha macho kwenye fomu kutafuta palipo peupe. Hapakuwepo. Mistari yote imejaa, vivuli vyeusi vizuri, vya mtoto aliyeambiwa ajaze duara lote asitoke nje. Mahali fulani huko nyuma aliruka swali na kivuli hakukiruka. Tangu hapo kila jibu lake lilikaa kwenye kiti cha mwenzake.

Niseme nilichokihisi, maana ndicho kinachonikesha mpaka leo. Kidole changu kilikuwa karibu na dawati lake, kama shibiri mbili. Kidole kimoja kwenye mstari wa 23, basi. Nisingemwambia jibu. Majibu alikuwa nayo, aliyatafuta mwenyewe kwa jasho lake. Na kwenye semina wilayani tulikuwa tumeambiwa kwamba msimamizi akigusa dawati amejibu swali, nami nilikubali, niliapa. Nikawafikiria wale 33 wengine. Kulikuwa na mvulana nyuma ambaye tangu mwanzo alikuwa akihesabu kwa vidole chini ya dawati. Yeye nani angesimama juu yake, na kwa upepo gani? Chumba cha pili je? Na shule zote za nchi hii, saa ile ile, watoto ambao hakuna gazeti lililobanduka karibu yao?

Nilifikiri hayo yote mkono ukiwa ukutani, na yeye akatia kivuli mstari wa 25.

Mwenzangu akaleta uji. Nikabandika kona. Nikatembea hadi mbele, nikachukua karatasi ya maelekezo, nikasoma kwa sauti ile ile niliyosomea mwanzo: "Watahiniwa, hakikisheni namba ya swali inalingana na namba ya mstari kwenye fomu ya kujibia." Nikatazama dirishani wakati nasoma, nisimtazame yeye.

Vichwa vikainuka, vikainama. Msichana wa mstari wa pili akakagua kwa kidole. Yule mvulana wa vidole, nyuma kabisa, akashtuka, akafungua kurasa, akaanza kufuta kwa nguvu hadi dawati likatikisika; kumbe naye alikuwa amepotea. Binti niliyemsomea hakuinua kichwa. Alikuwa katikati ya hesabu. Sidhani kama alinisikia.

Mwenzangu alinisogelea, akanong'ona: "Mwalimu, umesoma kwa nini?"

"Nimesoma kwa wote."

"Najua umesoma kwa wote. Nimeuliza kwa nini."

Sikumjibu. Aliniangalia kidogo, akarudi mahali pake. Niliandika kwenye taarifa yetu kwamba maelekezo yalirudiwa kusomwa, na saa yaliporudiwa. Sababu sikuandika.

Mara ya pili sikuisoma. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mara moja niliona ni haki na mara mbili nikaona si haki, na sijapata jibu linalosimama.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi mkono wake ukanyooka. Nikaenda. Akasema kwa sauti ndogo, kwa adabu kubwa, kama mtu anayeripoti kosa la wenye mtihani na hataki kuwaaibisha: "Mwalimu, fomu imezidi."

Mstari wa 50 ulikuwa mweupe. Kijitabu kilikuwa kimeisha.

Nikamwambia sentensi ambayo ningemwambia yeyote: "Soma tena maelekezo yaliyo juu ya fomu yako." Akasoma, midomo ikicheza. Nikamwona anaelewa. Rangi ilimtoka usoni. Akarudisha kurasa nyuma, moja, moja, mpaka kidole kikasimama kwenye swali la 11, ambalo alikuwa amelichorea duara dogo pembeni, alama yake ya kwamba nitarudi.

Akaniomba ufutio. Wake ulikuwa ule wa kwenye kitako cha penseli, umeisha hadi bati. Nikampa wa kwangu, wa akiba, kama ambavyo ningempa yeyote.

Na hapa ndipo nilipojua ni mtoto wa namna gani. Mwingine angeanza juu, mstari wa 11, akafuta na kutia kivuli, kisha hakumbuki tena 12 ilikuwa herufi gani. Yeye alianza chini. Akatazama kivuli cha 49, akakitia kwenye 50, akafuta cha 49. Akatazama cha 48, akakihamishia 49, akafuta. Anapanda. Hakuna jibu hata moja lililopotea njiani. Hakufundishwa hilo na mtu. Aliligundua palepale, machozi yakiwa yamejaa na hayaanguki.

Nikapiga hesabu. Mistari 39. Ikiwa kila mmoja unachukua sekunde 20, hiyo ni sekunde 780, yaani dakika 13. Saa yangu ilionyesha zimebaki 9. Kwa dakika 9 atahamisha 27, zitabaki 12, na lile swali la 11 lenyewe. Nikairudia hesabu, nikijua haitabadilika. Nikajipa sekunde 15 badala ya 20, ikawa karibu afike. Nikarudi mbele ya chumba nisimame mbali naye, kwa sababu nilihisi pumzi yangu inamsumbua.

Nikatangaza dakika tano. Nikatangaza dakika moja.

Saa ilikuwa yangu. Hakuna mtu chumbani mle aliyekuwa na nyingine isipokuwa mwenzangu, na yeye alikuwa anatazama nje. Sitasema sikulifikiria hilo.

"Muda umekwisha. Penseli chini."

Aliweka penseli kabla sijamaliza kusema. Wa kwanza katika chumba kizima. Kulikuwa na wawili watatu walioiba kivuli kimoja cha mwisho, ikabidi niwapigie meza. Yeye mikono ilikuwa tayari mapajani.

Nilikusanya fomu kwa mpangilio wa namba. Nilipofika kwake nilitaka kuangalia penseli ilikuwa imefika wapi. Niliichukua fomu kwa pembe, nikaigeuza, nikaiweka kifudifudi juu ya zilizotangulia. Tulihesabu mara mbili, 34, tukafunga bahasha, tukasaini. Mashine ingesoma kilichopo. Matokeo yalipotoka Desemba sikwenda kuyatafuta ya shule ile. Namba yake nilikuwa nayo kichwani na ningeweza.

Wapo watakaoniambia nilivunja kiapo niliporudia kusoma, na wapo watakaoniambia nilimwacha mtoto azame huku nimeshika kamba. Nimeshawahi kukubaliana na wote wawili, kwa siku tofauti. Ninachojua ni kwamba tulifunika ukuta vizuri, tulipima madawati kwa kamba moja, bahasha haikuwa na mkunjo, na binti aliyejua hesabu za mtihani ule alitoka akiwa na fomu nisiyojua inasema nini. Tangu mwaka ule kila mtoto wangu wa darasa la saba ninamfundisha kulaza rula chini ya mstari kwenye fomu, na rula haisogei mpaka swali limesogea. Mjukuu nimemnunulia ya kwake jana, ya mbao.

Mchana ule, kabla ya mtihani uliofuata, nilikwenda bombani kunawa. Alikuwepo, anakunywa kwa kiganja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Akajifuta mikono kwenye sketi, akaingiza mkono mfukoni, akanipa ufutio wangu kwa mikono miwili. Ulikuwa umelika upande mmoja mpaka umekuwa kama kabari.

"Asante, mwalimu."

Nilitaka kumuuliza alifika mstari wa ngapi. Alikuwa amesimama ananingoja niseme kitu, na nadhani angenijibu. Lakini alikuwa na mtihani mwingine mbele yake, na mimi nilikuwa bado msimamizi wake. Nikamwambia anywe maji ya kutosha, jua ni kali.