Siku moja katika studio ya usanifu majengo: kuanzia nondo hadi dari

Studio yenye fani nyingi maana yake ni kwamba msanifu majengo, mhandisi wa miundo, mhandisi wa umeme na mabomba, mbunifu wa mandhari na mkadiriaji majenzi wanakaa ofisi moja na kuchora jengo moja. Watu huijua kazi hiyo kwa picha za majengo yaliyokwisha. Hii hapa siku yenyewe, saa kwa saa.

Saa 1:00 asubuhi. Kukagua nondo

Siku ya kumwaga zege kazi haianzii ofisini. Lori la kwanza limeagizwa kufika saa 3:00, kwa hiyo ukaguzi uishe kabla ya saa 2:30. Kosa likionekana lori likiwa limeshafika getini, kila mtu ataanza kutafuta sababu ya kulipuuza. Kitu cha kwanza kuangaliwa ni herufi ya toleo kwenye kona ya ramani aliyoshika fundi nondo. Karatasi iliyochakaa kuliko zote mara nyingi ndiyo ya zamani, na ndiyo fundi anayoiamini.

Slabu ya leo, yaani bamba la zege la sakafu, ni mita 12 kwa 9, unene milimita 150. Hizo ni mita za ujazo 16.2, ongeza asilimia 5 ya zege linalopotea, agiza 17. Boriti zina hesabu yake peke yake. Nondo ni za milimita 12 kila 200. Usipime nafasi moja moja, kwani fundi yeyote anajua kurekebisha ile unayoitazama: pima nafasi kumi kwa mkupuo, zitoe mita 2. Chini ya nondo kuwe na biskuti za zege za milimita 25, si vipande vya matofali wala mbao. Nondo zinapoungana zipishane mara 50 ya unene wake, yaani milimita 600 kwa nondo ya 12, isipokuwa ramani ya mhandisi ikisema vingine, na maungio yote yasiangukie mstari mmoja.

Pabaya zaidi ni roshani, ile sehemu ya slabu inayochomoza nje bila nguzo chini yake. Kwingine nondo kuu za katikati ya chumba hulala chini. Hapa zinatakiwa juu, kwa sababu upande wa juu ndio unaovutwa. Na nondo za juu ndizo zinazokanyagwa asubuhi nzima na wanaosukuma toroli. Fanya hesabu: slabu ya 150, toa 25 za zege la kufunika na 6 za nusu ya nondo, kutoka chini ya slabu hadi katikati ya nondo zinabaki milimita 119. Nondo zikikanyagwa zikashuka 40, zimebaki 79. Theluthi ya nguvu imepotea na hakuna aliyekata hata kipande kimoja cha chuma. Jengo halitaanguka siku hiyo. Ufa utatokea juu, pale roshani inapokutana na ukuta, watu wakiwa wameshahamia. Dawa yake ni stuli za nondo, yaani vishikizo vya chuma vinavyoinua nondo za juu, zilizokaribiana, mbao za kupitia juu yake, na fundi nondo mmoja anayebaki kazini zege linapomwagwa ili ainue kilichoshuka.

Kisha mabomba ya nyaya. Mafundi umeme hupenda kuyafunga kwa fungu yanapokaribia boksi la swichi kuu, na zege halipenyi katikati ya fungu. Yaachane walau mara tatu ya kipenyo chake, yapite kati ya nondo za chini na za juu. Matundu ya mabomba ya maji yawekewe mikono yake, yaani vipande vya bomba pana vya kuacha nafasi, sasa hivi. Atakayekuja na drili mwezi ujao atakata nondo bila kujua ni ipi.

Lori likifika, zege linapimwa ulaini kwa koni ya kimo cha milimita 300: tabaka tatu, kila tabaka michomo 25. Halafu sampuli zinajazwa kwenye visanduku vya mchemraba vya 150, nyingine zikavunjwe siku ya 7, nyingine siku ya 28. Anayetaka kuongeza maji ili zege "litembee" azuiwe hapo hapo. Zege zito hutibiwa na vaibreta au dawa ya kulainisha iliyokubaliwa. Maji yanalipunguzia nguvu moja kwa moja. Mhandisi wa miundo anabaki, wengine wanarudi ofisini.

Saa 4:00. Kikao cha dari

Hapa ndipo studio ya fani nyingi inapojulikana kama ni studio au ni watu waliopanga chumba kimoja. Kikao hakina hotuba. Modeli ya jengo inafunguliwa ukutani, programu inaonyesha mahali vitu viwili vimechorwa sehemu moja. Migongano mingi ni upuuzi, kama soketi iliyoingia milimita 5 kwenye plasta. Kazi ya mratibu ni kuichuja kabla ya kikao ili watu wanane wasikae kutazama soketi.

Mgongano wa leo si upuuzi. Kutoka sakafu hadi sakafu ni milimita 3,600. Boriti pamoja na slabu yake inakula 600. Skridi, yaani tabaka la saruji la kusawazisha sakafu, na vigae vinakula 80. Mteja ameahidiwa dari ya 2,700. Kilichobaki chini ya boriti ni 220. Sasa dakti kuu, yaani njia ya bati ya kupitishia hewa, ina upana wa 400 na kimo cha 250, na imevishwa kizuia joto cha 25 kila upande: 300. Fremu ya dari inataka 50 zake. Juu ya hayo, bomba la majitaka la 110 kutoka vyoo vya ghorofa ya juu linasafiri mita 6 kwa mteremko wa 1 kwa 40, yaani linashuka milimita 150 kabla ya kufika kwenye shimo lake la wima.

Bomba la majitaka ndilo linalopewa njia kwanza. Hewa inasukumwa na feni, maji safi yana shinikizo, nyaya zinakunjika. Majitaka yanashuka tu. Msanifu asiyekubali utaratibu huo ataukubali jengo likishaanza kunuka.

Pendekezo la kwanza huwa ni kubapiza dakti. Ya 800 kwa 125 ina eneo lile lile la ya 400 kwa 250, na ikivishwa inafika 175, kwa hiyo karibu inaingia. Tatizo ni kuta zake: mzunguko umepanda kutoka 1,300 hadi 1,850, hewa inasuguana na bati jingi zaidi, feni inafanya kazi zaidi, na watakaokaa chini yake watasikia mvumo. Wahandisi wengi hawapendi upana uzidi mara nne ya kimo. Huu unazidi mara sita. Pendekezo la pili ni kutoboa boriti. Kwa bomba la 110 mhandisi wa miundo anaweza kukubali, tundu likiwa katikati ya kimo cha boriti na mbali na nguzo, kwa kuwa karibu na nguzo nguvu za kukata ni kubwa. Kwa dakti yenye kimo cha 300 kwenye boriti ya 600, hapana.

Suluhisho likatoka kwenye ramani ya vyumba. Dakti kuu inapita ukumbini, na ukumbini watu wanapita tu. Dari ya hapo ikishushwa hadi 2,400, nafasi inakuwa 520: dakti 300, fremu 50, zinabaki 170 za trei za nyaya na mabomba ya kuzimia moto. Vyumba vinabaki na 2,700 zake bila dakti ndani, kwa kuwa hewa inaingia kwa grili iliyo juu ya mlango, kwenye ile tofauti ya dari mbili. Vyoo vinasogezwa karibu na shimo la mabomba, safari ya mita 6 inakuwa mita 2.5, na mshuko unakuwa kama milimita 63. Msanifu wa mambo ya ndani amenuna kidogo kwa sababu ya ukumbi, lakini ameshinda vyumba.

Paris, kwenye jengo la Centre Pompidou lililofunguliwa 1977, wasanifu Renzo Piano na Richard Rogers waliukwepa ugomvi huu kwa kuyatoa mabomba yote nje na kuyapaka rangi: buluu ya hewa, kijani ya maji, njano ya umeme, nyekundu ya watu kupanda na kushuka. Inapendeza. Wateja wengi wakiambiwa habari ya kuyasafisha na kuyapaka rangi upya, wanarudi kwenye dari.

Saa 6:00. Ngazi

Ngazi hii ni ya jengo jingine, ambalo kimo cha ghorofa ni 3,300. Gawa kwa hatua 20, kila moja inapanda 165. Kina cha kukanyagia 300. Kanuni ya zamani ya kupanda mara mbili kujumlisha kina inatoa 630, mwendo mzuri wa mguu. Hadi hapo hata mwanafunzi anapata.

Kinachowaponza watu ni unene wa vigae. Sakafu za chini na juu zinapokea milimita 80 za skridi na vigae; hatua za ngazi zinapokea 40 tu. Fundi akifunga mbao za zege hatua zote zikiwa 165, baada ya vigae hatua ya kwanza itakuwa 125 na ya mwisho 205. Mguu ukishazoea kimo fulani hauangalii tena. Ya mwisho itamkwaa kila mtu. Kwa hiyo kwenye zege tupu hatua ya kwanza ichorwe 205 na ya mwisho 125, na ramani iandike wazi "vipimo vya zege kabla ya vigae". Bila maneno hayo, fundi mwangalifu atadhani mchoraji amekosea na "atairekebisha".

Saa 7:30 mchana. Mvua na madirisha

Mbunifu wa mandhari ana mita za mraba 600 za paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo mvua ya milimita 50 inamletea lita 30,000. Anataka sehemu ya maji hayo iingie kwenye mabonde ya mimea. Mhandisi wa miundo hataki yaloweshe udongo karibu na misingi. Wanakubaliana umbali, na njia ya kufurikia inayoelekea mbali na jengo.

Mkadiriaji majenzi naye amehesabu aina 14 za madirisha. Nyingi zinatofautiana kwa milimita 50 bila sababu yoyote isipokuwa mkono wa mchoraji. Zinapunguzwa hadi 5.

Mhandisi ametuma ujumbe: slabu imesawazishwa, sampuli zimeandikwa tarehe na mahali zege lilipomwagwa. Umwagiliaji uanze mara uso utakaposhika, na zege libaki na unyevu siku 7.

Saa 9:00. Michoro ya kiwandani

Mtengenezaji wa vyuma ameleta michoro yake ili ipitishwe. Kazi hii inachosha, na ndiyo maana huachiwa mgeni wa ofisi, jambo ambalo si sahihi. Mwaka 1981, hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, vijia viwili vya juu ya ukumbi vilianguka na kuua watu 114. Ramani ya awali ilikuwa na fimbo ndefu zinazotoka darini na kupita kijia cha juu hadi cha chini, kila kijia kikikaa kwenye nati yake. Wakati wa utengenezaji fimbo zikagawanywa mbili, kijia cha chini kikaning'inizwa kwenye boriti za kile cha juu. Ni badiliko linaloonekana dogo kwenye karatasi, lakini nati za juu sasa zilibeba vijia viwili badala ya kimoja, na hata ungio la awali halikuwa na nguvu iliyotakiwa. Kwa hiyo kila mchoro unaobadilisha jinsi kitu kinavyoshikwa unarudi kwa aliyepiga hesabu, hata kama kilichobadilika ni boliti moja.

Saa 10:00. Kuandika mafanikio

Kuna jengo lililokabidhiwa mwaka uliopita linaloandaliwa kwa shindano. Picha zipo. Picha za kompyuta zenye anga la machweo hazitumwi. Jengo limeshasimama, lionyeshwe lenyewe. Tuzo ya Aga Khan ya usanifu, iliyoanzishwa 1977, hutuma wataalamu kuyakagua majengo yaliyoingia orodha fupi, na mtu aliyesimama ndani ya jengo haoni machweo yako.

Kinachoandikwa ni hesabu: umeme uliotumika kwa mita ya mraba kwa miezi 12 kufuatana na mita, ukiwekwa kando ya uliokadiriwa kwenye ramani. Tofauti ikiwa kubwa, sababu itajwe. Na kila fani iandikwe ilichofanya. Paa za Sydney Opera House, lililofunguliwa 1973, zilijengeka baada ya msanifu wake, Jørn Utzon, kuzikata zote kutoka tufe moja, hivyo mbavu zake zikaweza kumwagwa kwa kalibu zinazorudiwa. Wahandisi wa Ove Arup ndio waliozifikisha juu. Ukitaja jina moja peke yake umeeleza nusu ya jengo. Matatizo nayo hayafichwi. Daraja la waenda kwa miguu la Millennium mjini London lilifunguliwa Juni 2000, likayumba upande kwa upande chini ya nyayo za umati, likafungwa siku chache baadaye. Wahandisi waliupima mtikisiko, wakaweka vidhibiti, wakachapisha walichokipata, na daraja likafunguliwa tena 2002. Madaraja ya watu yanayochorwa leo yanatumia hesabu hizo.

Saa 11:00 jioni. Kutoa ramani

Badiliko la dari linagusa ramani tisa: tatu za usanifu, moja ya miundo, tano za huduma. Zote zinapanda herufi ya toleo pamoja, hata ile iliyobadilika mstari mmoja, na kila palipobadilika panazungushiwa wingu. Daftari la kutoa ramani linaandika nani amepokea, toleo gani, saa ngapi. Mkandarasi anaombwa arudishe nakala za karatasi za toleo lililopita. Zisiporudi, anaandikiwa barua kwamba zimefutwa, na kesho asubuhi mtu atakwenda kuzibandua ukutani kwenye kibanda cha saiti.