Maumivu mbele ya sikio, kumbe ni meno ya bandia yaliyochakaa

Jamani ngoja niwasimulie hili, najua wapo wengine wanahangaika kama nilivyohangaika mimi. Mimi sina jino hata moja, navaa meno ya bandia juu na chini, na ile seti nilikaa nayo miaka 14 bila kubadilisha maana haikuwahi kuvunjika nikajua iko sawa tu. Ikaanza kulia klik mbele ya sikio la kushoto kila nikipiga mwayo, baadaye maumivu yakawa yanapanda mpaka kichwani, nikatibiwa sikio mara mbili wakati sikio lenyewe ni zima kabisa.

Daktari wa meno ndo aligundua. Akaniambia mama weka kidole hapa, mbele ya sikio, ufungue mdomo taratibu, nikahisi kabisa kitu kinakwaruza chini ya kidole kama mchanga. Halafu akanichora nukta mbili kwa kalamu, moja puani moja kidevuni, akapima kwa rula nikiwa nimeuma meno, akapima tena nikisema "mmm" na kulegeza taya. Tofauti milimita 9! Kawaida ni 2 mpaka 4 hivi.

Kumbe ukishang'olewa meno ule mfupa wa chini ya fizi unaendelea kuisha, kasi zaidi mwaka wa kwanza, na wa chini unaisha kuliko wa juu, huku meno ya bandia nayo yanalika, basi taya linajifunga kupita kiasi na kidevu kinasogea juu na mbele. Kiungo cha taya, pale mbele ya sikio, kinabeba mzigo ambao hakikuzoea na mfupa nao unajibadilisha umbo. Kwenye eksirei kichwa cha mfupa wa taya langu upande wa kushoto kimekuwa bapa. Akanieleza wazi kwamba ubapa huo haurudi, na wapo watu wana hali hiyohiyo wala hawaumwi, kwa hiyo tunatibu mzigo na maumivu, hatutibu picha.

Mi nilitaka seti mpya siku ileile, akakataa. Akaongeza plastiki juu ya magego ya seti ya zamani, kidogo kidogo, kila baada ya wiki tatu. Wiki ya kwanza mashavu yalichoka sana na meno yalikuwa yanagongana nikiongea, nikawa nahesabu kwa sauti sitini, sitini na moja, mpaka sitini na tisa, kila asubuhi, mpaka "s" ikatoka bila kugonga. Chakula laini, natafuna pande zote mbili, kitambaa cha moto shavuni, nikipiga mwayo nazuia kidevu kwa ngumi, usiku meno nayavua naweka kwenye maji.

Baada ya miezi mitatu hivi maumivu yakaisha ndo akanitengenezea seti mpya kwa kimo kile kile tulichofikia kwa ile plastiki. Klik bado naisikia siku mojamoja ila haiumi. Juzi nimerudi kukaguliwa, fizi ya chini imeshuka tena, akajazia plastiki kwa ndani nikaondoka nayo jioni ileile.