Tuhamie Eagle Mountain?

Mume wangu ameshaipata nyumba. Ina vyumba vinne vya kulala, ua wa kutosha watoto kucheza mpira, na nyuma ya ua kuna uwanda wa majani makavu unaokwenda mpaka miguuni mwa milima. Iko Eagle Mountain, jimbo la Utah, Marekani, magharibi ya Ziwa Utah, na kwa bei ile hapa West Valley City, ambako tumepanga kwa miaka tisa, tusingepata hata ya vyumba vitatu. Mimi ni muuguzi, na tangu ilipofunguliwa hospitali ya watoto mjini Lehi mwaka 2024 nimekuwa nikiutazama upande ule kwa jicho la kazi. Hesabu, kwa hiyo, inakubali. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba sisi ni Waislamu kutoka Tanga, na mji wenyewe, kwa sehemu kubwa, ni wa Wamormoni.

Niseme mapema kwamba jina hilo wenyewe hawalipendi sana siku hizi. Tangu mwaka 2018 rais wa kanisa lao wa wakati huo, Russell M. Nelson, aliwahimiza waumini na watu wa nje watumie jina kamili, yaani Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mitaani jina la zamani bado linasikika, nami nitalitumia kwa ufupi tu, bila nia ya kumkosea mtu heshima.

Eagle Mountain ni mji mchanga kuliko mimi. Ulipata hadhi ya mji Desemba 1996, ukiwa na wakazi kiasi cha 250. Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu watu zaidi ya 2,000, ya mwaka 2010 zaidi ya 21,000, na ya mwaka 2020 zaidi ya 43,000. Ukipita leo unaona mitaa ambayo upande mmoja watu wamekwisha kutundika mapazia na upande wa pili mafundi bado wanapigilia mbao. Barabara hazikukua kwa kasi hiyo, na asubuhi foleni ya kuelekea Lehi ni ndefu. Jambo linalokugusa kwanza, hata hivyo, ni wingi wa watoto: wako kwenye baiskeli, kwenye vigari vya kusukumwa, kwenye matrampolini ya kila ua. Kwa mtu aliyelelewa Ngamiani, kule Tanga, mtaa wenye kelele za watoto ni mtaa ulio hai, na nakiri kwamba siku ya kwanza moyo wangu ulilegea.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Dalali alikuwa anatuonyesha jiko, mara akatokea mama wa nyumba ya jirani akiwa na mkate wa ndizi uliokuwa bado wa moto. Alitukaribisha kwa bashasha, akawauliza watoto majina, kisha akamuuliza mume wangu tunatoka kata gani. Mume wangu, bila kusita, akajibu: Ngamiani Kati. Yule mama alitabasamu kwa adabu ya mtu asiyeelewa kitu. Mimi nilielewa, kwa sababu jirani yetu hapa West Valley City, mama wa Kikongomani aliye muumini wa kanisa hilo, amenifundisha msamiati wao wa Kiswahili. Kusanyiko moja huitwa kata, na kata kadhaa huunda kigingi, kama kigingi cha hema. Watu wa Tanzania tunaposikia kata tunamfikiria diwani. Wao humfikiria askofu, ambaye ni baba wa mtaani mwenye kazi yake nyingine na asiyelipwa mshahara wa kanisa.

Nimelitafakari sana neno hilo, kwa kuwa ugumu wa uamuzi wetu umejificha ndani yake. Mmormoni hachagui kanisa la kusali kama Mlutheri wa Dar es Salaam anavyoweza kuvuka mji kumfuata mchungaji anayempenda. Anwani ya nyumba yake ndiyo inayompa kata, kwa hiyo wanaosali pamoja ni walewale wanaokaa mtaa mmoja. Katika mji ambao wengi ni waumini, kata hugeuka kuwa mtaa wenyewe. Humo ndimo inapopangwa zamu ya kumpikia mama aliyejifungua, ndimo wanapopatikana vijana wa kumsaidia mgeni kushusha mizigo, ndimo watoto wanapofahamiana kabla hata hawajakutana shuleni. Asiye muumini hufika na chakula kikamfikia, mizigo yake ikashushwa, na hakuna atakayemdai kitu. Ila yeye hayumo kwenye orodha ya wanaopika. Mtu asiyewahi kuishi ugenini anaweza kuliona hilo jambo dogo.

Kwa mambo mengine tungeafikiana nao kuliko tunavyoafikiana na majirani zetu wa sasa. Hawanywi pombe na hawavuti sigara. Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa kawaida, hufunga kwa kuacha milo miwili, na thamani ya chakula hicho huitoa kwa ajili ya wahitaji, kwa hiyo sitakuwa na kazi ya kueleza kwa nini mtoto wangu hali mchana wa Ramadhani. Jumatatu usiku wengi wao huitenga kwa ajili ya familia. Nguruwe wanamla, lakini hilo tumelizoea. Lililonishtua ni kahawa. Wao hawanywi kahawa wala chai ya majani, kwa mafundisho ya tangu mwaka 1833, na mimi natoka katika mji ambao mgeni akiondoka bila kupewa hata kikombe, mwenye nyumba amejiaibisha. Nitamkaribishaje jirani? Mume wangu anasema kuna maji ya tangawizi. Mume wangu ana majibu mepesi kwa kila kitu tangu alipoiona ile nyumba.

Jambo la rangi sikutaka kulizunguka. Mpaka Juni 1978 kanisa hilo halikuwapa wanaume weusi ukuhani, ambao kwao hupewa karibu kila mwanamume muumini. Leo lina hekalu Kinshasa tangu mwaka 2019, na la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025, kwa hiyo siwezi kusema kwamba Waafrika ni wageni ndani yake. Nilimuuliza yule jirani yangu Mkongomani, ambaye dada yake alihamia upande wa Utah County, wilaya ya Eagle Mountain, mambo yako vipi huko. Alinijibu kwa upole kwamba dada yake ni wa kanisa, ana kata, ana askofu anayemjali, na bado watoto wake ndio weusi peke yao darasani. Wangu watakuwa weusi na Waislamu, na msikiti tunaosali uko huku West Valley City tunakotaka kuondoka.

Wiki iliyopita nilifanya jambo ambalo pengine ningepaswa kuanza nalo. Nilimpigia simu mama mmoja wa Tanga, jirani yetu wa zamani, ambaye familia yake ilikuwa ya Kikristo peke yake katika kipande chetu cha mtaa. Nilimwamkia, tukaulizana hali za watu wote walio hai na waliotangulia, kisha nikamuuliza alijisikiaje kukaa katikati yetu miaka yote ile. Nilitarajia aniambie tulikaa vizuri, kwa sababu ndivyo sisi tunavyosimulia. Akasema kweli tulikaa vizuri. Kisha akaongeza: “Futari mlikuwa mnaniletea kila mwaka, mwanangu, tena tambi za mama yako sijazisahau. Lakini mwezi wote ule wanangu walikuwa wanakaa ndani jioni, maana wenzao wote wako kwenye tarawehe na hakuna wa kucheza naye.” Hakusema kwa kulalamika. Alicheka hata. Mimi ndiye niliyebaki na simu mkononi, nikijaribu kukumbuka kama kuna siku tuliwahi kwenda kugonga mlango wao baada ya swala, na sikuikumbuka.

Tangu siku hiyo swali langu limebadilika. Kwamba watatupokea vizuri sina shaka, kwani mkate wa ndizi niliula na ulikuwa mtamu. Ninachouliza sasa ni mwanangu mkubwa, mwenye miaka kumi na mitano, atakuwa wapi jioni ya Jumatano wenzake watakapokuwa kwenye shughuli za vijana wa kata, na atakuwa wapi mchana wenzake watakapotoka shuleni kipindi kimoja kwenda seminari, jengo la mafundisho ya dini ambalo hapa Utah kwa kawaida hujengwa jirani kabisa na shule ya sekondari. Nilipiga simu shuleni kuuliza. Wale wasiokwenda huchukua somo jingine katika kipindi hicho. Nikauliza ni wangapi, nikaambiwa wapo, na wanaongezeka kadiri mji unavyopata wageni.

Nilimweleza kijana mwenyewe yote haya, badala ya kuendelea kumjadili akiwa chumba cha pili. Alisikiliza, akauliza kama timu ya mpira ya shule hucheza Jumapili. Nikamwambia huko Jumapili watu wengi hawachezi. Akasema basi hiyo ni nafuu, maana Jumapili ndiyo siku yake ya madrasa huku West Valley City, na hatalazimika kuchagua.

Nyumba hatutainunua kwa sasa. Tumeomba kupanga nyingine mtaa wa pili wake, kwa mkataba wa mwaka mmoja kuanzia Agosti, na Jumapili tutakuwa tunarudi huku kwa ajili ya madrasa. Mume wangu amenuna kidogo kwa sababu ya ua. Mimi nimeanza kujifunza kupika maji ya tangawizi yasiyowasha sana, na nimemwambia binti yangu mdogo kwamba siku ya kwanza tukifika, sisi ndio tutakaotangulia kubisha hodi.