Mota ya cherehani ilivyonivimbisha miguu

Miaka mingi nimeshona kanzu hapa Langoni, Lamu, kwa cherehani ya kukanyaga. Mwaka jana nikaifunga mota. Kazi ikaenda mbio, ila ikifika Magharibi makubadhi hayaingii, na nikibonyeza kifundo cha mguu kidole kinaacha shimo. Nikamsingizia papa mkavu na chumvi yake.

Binti wa ndugu yangu ni muuguzi. "Ami, ni mguu mmoja au yote miwili? Pumzi hukatika ukilala?" Mmoja ukivimba ghafla na kuuma, alisema, hakuna kungoja kesho, huenda damu imeganda ndani. Akanipeleka kupimwa presha na mkojo. Salama.

Ndipo akaniuliza damu hurudije moyoni. Kwenda nilijua, kurudi sikuwahi kukuwaza. Chumba cha chini cha kushoto cha moyo huisukuma, kiasi cha lita 5 kwa dakika mtu akitulia, lakini msukumo huo karibu wote huishia kwenye vimishipa vyembamba kuliko unywele. Ikiingia vena za miguuni, yaani mishipa ya kuirudisha moyoni, nguvu imebaki kidogo, na bado ina mlima wa kupanda. Hapo husaidiwa na shavu la mguu: likikaza hukamua vena, likilegea vali, vilango vidogo vilivyo ndani ya vena, hujifunga damu isishuke. Pumzi nayo huivuta kifuani.

Vali sikuziamini. Akanifunga kipande cha kitambaa juu ya kiwiko, mishipa ikatuna. Akabana mmoja kwa kidole, kwa kidole kingine akaikamua damu kuelekea kiwiko. Mshipa ukalala mtupu, damu ya juu isishuke ng'o! Alipoachia kidole cha chini, ukajaa papo hapo. William Harvey, tabibu wa Uingereza, alilichapisha jaribio hilo mwaka 1628. Sisi tulilifanya kwa kipande cha pindo la kanzu.

Kumbe kila nilipokanyaga nilikuwa naipandisha damu. Mota inataka ncha ya kidole tu, mguu mzima umekaa kama gogo.

Sasa mota ni ya mishono mirefu. Shingo na pindo navua mkanda wake, nakanyaga. Baada ya Adhuhuri nalala kidogo, miguu juu ya mito, na jioni natembea hadi ufukoni nikiwapisha punda. Wiki ya tatu makubadhi yakaingia. Fundi jirani alinicheka, mtu kununua mota kisha kuipumzisha. Juzi nimemwona Magharibi, anakwenda msikitini na ndara za mwanawe mkubwa.