Kutoka kwenye pikapu ya harusi hadi kwenye podikasti

Kwaresima ni msimu wa njaa kwa sisi wapiga matarumbeta. Makanisa mengi hayafungishi ndoa, misafara inakauka, na simu ya kiongozi wa bendi inalala kimya. Jumamosi unapita mnara wa saa hapa Moshi na huoni hata pikapu moja ikizunguka na watu wamekaa nyuma wanapuliza. Ni katika msimu huo, mwaka juzi, nilipoanza kurekodi podikasti yangu ya hadithi. Wanaoniuliza nilianzaje ni wanamuziki wenzangu zaidi, kwa hiyo naandika nikiwafikiria wao.

Mimi napiga tromboni, lile tarumbeta lenye bomba refu la kuvuta na kusukuma. Nilijifunzia usharikani, huku uchagani ambako Ulutheri una mizizi tangu misheni ya Leipzig ilipofika 1893, na ambako mtoto wa kipaimara kushika tarumbeta si habari. Baadaye nikaingia kwenye kazi za harusi. Kazi hii ukiitazama vizuri ni kusubiri. Unasubiri nje ya saluni bibi harusi amalizwe nywele. Unasubiri nje ya kanisa. Unasubiri nje ya ukumbi mpaka MC akuite. Na watu wakisubiri wanaongea: dereva wa pikapu, mashangazi, mpiga picha, mlinzi wa geti. Nilikuwa nimebeba hadithi za miaka kichwani, na nyingi hazina mwisho, maana kila zinapokolea msafara unaondoka.

Nikaamua nitazisimulia hivyo hivyo. Hadithi inakwenda, honi inalia, tromboni inaingia, imekatika. Ukitaka mwisho, subiri wiki ijayo, na wiki ijayo huenda ikaja hadithi nyingine kabisa.

Podikasti nyingi za Kiswahili ninazozisikia ni watu wawili watatu wamekaa mezani wanapiga stori na kucheka wao kwa wao. Zipo nzuri, ila kipaji hicho sina. Nilitaka kitu cha jamii ya mchezo wa redio, maana ndicho nilichokulia nacho. Radio Tanzania ilipoanza kurusha Twende na Wakati mwaka 1993, nyumbani kwetu betri zilianikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu ya kusukuma kipindi jioni, na majirani walikuja. Tofauti ni kwamba mimi sina waigizaji. Nina sauti yangu, bomba la shaba na simu.

Vifaa havikunisumbua sana. Maiki niliyonunua ni dainamiki, aina ile ya waimbaji wa jukwaani, kwa sababu kondensa, maiki inayonasa kila sauti ndogo, ingeniletea mtaa wetu wa Pasua wote ndani ya hadithi: bodaboda, mbwa, redio ya jirani. Maiki ya jukwaani inasikia kilicho karibu na kuachana na mengine. Mdomo unakaa umbali wa kiganja kimoja, pembeni kidogo, ili “p” na “b” zisipige kama upepo. Tromboni nairekodi nikiwa nimerudi hatua mbili na mdomo wa bomba hauitazami maiki. Nahariri kwa programu ya Audacity, ni ya bure na inakubali kufanya kazi kwenye laptopu yangu ya zamani.

Chumba ndicho kilichonipa raha. Bendi yetu ina stoo inayotunza ala na sare, na sare zetu ni makoti mazito mekundu yenye vifungo vya dhahabu. Nilifunga kamba mbili toka ukuta hadi ukuta, nikatundika makoti yote, nikaingia katikati. Mwangwi ukafa. Ukipiga kofi mle ndani kofi linakatika pale pale. Dari ndiyo siwezi kuitibu, ni bati tupu, kwa hiyo masika mvua ikianza nafunga laptopu na kwenda zangu. Na kuna friji ya mwenye nyumba upande wa pili wa ukuta. Umeme wetu unatetema mara 50 kwa sekunde, na mtetemo huo uko karibu sana na ile noti ya sol ya chini kabisa, kwa hiyo kila nilipopiga wimbo wa ufunguo wa fa, friji ilikuwa inanipigia besi isiyoombwa. Niliomba ruhusa ya kuizima ninaporekodi. Ili nisisahau kuiwasha nyama ya watu ikaoza, funguo za pikipiki naziweka ndani ya friji. Siwezi kuondoka bila kuifungua.

Sasa sehemu ambayo wanamuziki mna faida nayo kuliko mtangazaji yeyote. Mpiga tromboni anasoma noti kwa pumzi. Kwenye karatasi zetu kuna alama ndogo ya koma juu ya mistari, inakuambia vuta hewa hapa, si kwingine. Hadithi zangu nikaziandika namna hiyo: mstari mmoja pumzi moja, bila aya. Mstari ukinishinda kuumaliza, unakatwa. Na zile pumzi zenyewe sizifuti. Programu nyingi zinakuhimiza uondoe kila mvuto wa hewa, mimi naziacha, na mahali pengine naziongeza: napuliza hewa tupu ndani ya tromboni bila noti, au natetemesha midomo kwenye mauspisi, kile kipande cha kuwekea midomo, peke yake. Kwa mtu aliyevaa hedifoni, ile hewa tupu inamweka karibu kuliko maneno.

Muziki wenyewe nautumia kwa ubahili. Mwanamuziki akipewa kipindi chake kishawishi ni kumwagia muziki chini ya kila sentensi. Kwenye bendi, solo akiingia wengine mnashusha au mnanyamaza, na hapa solo ni hadithi.

Nikupe mfano wa hadithi niliyoipenda kuliko zote. Bendi inayopiga harusini Jumamosi ndiyo inayoitwa msibani Jumanne. Kuna pambio tunalolipiga kote kuwili. Harusini linakwenda kama mapigo 120 kwa dakika, msibani chini ya nusu yake. Mzee mmoja alikuja kutulipa advansi ya harusi ya mwanawe, miezi kabla, akisema anataka matarumbeta yasikike mpaka bondeni. Akafariki kabla ya harusi. Kijana akatufuata akauliza, “Kaka, ile hela ya mzee bado mnayo?” Tukaenda kumzika kwa advansi yake mwenyewe, juu kule kihambani, katikati ya migomba. Harusi ilipofika, kijana alilipa upya.

Niliisimulia hiyo huku pambio likienda chini ya sauti kwa mwendo wa msiba, noti moja moja. Kila baada ya mistari kadhaa niliongeza mapigo kidogo, kidogo sana. Hakuna mahali niliposema “sasa ni harusi”. Msikilizaji anajikuta anatikisa kichwa. Familia niliiomba ruhusa kwanza na niliwasikilizisha kabla ya kuitoa. Kijana alisikiliza mara mbili mfululizo, akasema jina la mzee nisilitaje, mengine yote sawa.

Mama yangu alikuwa mgumu zaidi. Yuko Uru, na nilitaka anisimulie habari za redio na betri. Nilimkuta anamenya ndizi za mtori, nikamwamkia, nikaweka simu mezani. “Kwani hicho kidude kimewaka?” Nikamwambia ndiyo, mama. Akabadilika sauti, akaanza kuongea kama anasoma taarifa ya habari. Nikaacha kuuliza, nikachukua kisu na mimi nikamenya. Baada ya ndizi kama tano sita akasahau kidude na maneno yakatoka, pamoja na sauti ya kisu na maganda yakianguka kwenye beseni. “Baba, wewe unamenya unene mno, unatupa chakula,” hiyo nayo imo kwenye kipindi. Wasikilizaji wanainukuu kuliko chochote nilichoandika mimi.

Kilichobaki kilikuwa mwanzo. Hadithi kwetu haianzi bila kuitikiwa, na msimuliaji ninayeongea peke yangu ndani ya makoti sina wa kuniitikia. Niliomba watu kwenye magrupu ya WhatsApp wanitumie sauti wakiitikia: “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.” Zikaja toka Himo, Same, Bomang'ombe, mmoja toka Mwanza akiwa sokoni. Sauti za WhatsApp zinakuja zimebanwa, nyembamba, na nikaziacha hivyo. Unasikia kabisa kwamba watu hawa wako mbali. Nikazipanga kama akodi, noti kadhaa zinazolia pamoja: wenye sauti nene chini, akina mama katikati, watoto juu. Mimi naita mara moja, wao wanajibu wote.

Habari za haki: nyimbo za watu sizigusi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda watunzi kama inavyonilinda mimi, kwa hiyo nje ya pambio la zamani natunga vipande vyangu. Na kama hadithi zako zitaelekea kwenye habari za siasa au matukio, uliza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwanza. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018 na zimekuwa zikirekebishwa.

Kusambaza ni rahisi kwenye maelezo: unapakia faili sehemu moja, kiungo cha RSS, yaani anwani inayosambaza kila sehemu mpya yenyewe, kinaipeleka Spotify na kwingineko. Ila wasikilizaji wangu wengi hawako huko. Wako WhatsApp, na wanahesabu bando. Natoa faili ya mono (sauti ya njia moja) ya kilobiti 64 kwa sekunde, dakika 20 zinakuwa kama MB 10, inatumwa bila mtu kununa. Kabla ya kutoa chochote nakisikiliza kwenye spika ya simu ya dereva wetu wa pikapu, injini ikiwa imewashwa. Noti za chini za tromboni hazitoki kabisa kwenye spika ile, kwa hiyo vipande vyangu vingi nimevipandisha oktavu moja, noti zilezile ila juu zaidi.

Njia nyingine iliyonishangaza ni vile vibanda karibu na stendi vinavyoingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Kijana mmoja alinipigia kuomba sehemu zote, wateja wake wa bodaboda wamemuulizia. Nikampa bure. Juzi amenipigia tena kulalamika: yeye anatoza kwa idadi ya nyimbo, na hadithi yangu ya dakika 20 mteja anaihesabu wimbo mmoja. Anataka nizikate vipande vinne vinne. Nimemwambia zimeshakatika vya kutosha, na bado tunavutana.